Rafiki, Shoga na Nyumbani: Kiswahili cha Msichana wa Kibera Ampendaye Msichana Mwenziwe

Miongoni mwa mada za insha ambazo mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya hupewa, ni chache zilizo kongwe kuliko "Rafiki Yangu". Mtoto wa Soweto Mashariki katika Kibera, sawasawa na mtoto wa Kawangware, hutaja jina la rafikiye, darasa lake, chakula akipendacho na kazi anayotumaini kuifanya ukubwani, kisha hufunga kwa methali. Insha husahihishwa kwa kalamu nyekundu, hutiwa alama, hurudishwa. Hakuna mwalimu aulizaye rafiki huyo ni rafiki wa namna gani. Miaka minne au mitano baadaye msichana yuleyule huenda akalihitaji neno lilelile kwa jambo jingine: kumweleza mama yake kwamba msichana aliyesimama mlangoni, ambaye yeye anampenda kwa mapenzi ambayo wengi huyatazamia kati ya msichana na mvulana tu, ni "rafiki yangu". Neno halikubadilika hata herufi moja, ila mzigo wake umekuwa mzito.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyomsitiri msichana huyo na jinsi kinavyomfichua. Mara nyingi husemwa, na watetezi wake na wapinzani wake kwa pamoja, kwamba lugha zetu hazina maneno ya kulisemea jambo hili. Kwamba mwenye kutaka kulizungumza sharti akimbilie Kiingereza. Madai hayo hayana msingi. Maneno yapo, tena yapo mengi kuliko inavyodhaniwa, na sarufi yenyewe ina msimamo wake. Swali lifaalo kuulizwa ni maneno yapi yameshikwa na nani, na msichana mwenyewe amebakiziwa lipi.

Yafaa kuanza na mahali, kwa kuwa lugha haisemwi hewani. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, waliwekwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na lugha yao ya asili ya Kiarabu ingali ikisemwa Makina na vijiji vya jirani. Waliofuata walitoka pembe zote za Kenya: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu. Soweto Mashariki, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, kimechukua jina la mtaa mashuhuri wa Johannesburg, nalo jina hilo la Johannesburg ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Hivyo neno lenye mlio wa Kibantu kabisa limezaliwa katika faili la ofisi ya manispaa. Mtu akisikia wanasiasa wakinadi habari ya maneno "asilia" na "ya kigeni", si vibaya akikumbuka kisa hicho.

Nyumba ya kawaida katika kijiji kama hicho ilikuwa, na kwa wengi ingali, chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 hivi, kuta za udongo au mabati, kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja hulala wazazi, upande wa pili watoto, na jikoni ni pale palipowekwa jiko. Mradi wa serikali ya Kenya na shirika la UN-Habitat wa kuboresha makazi ulipowahamisha wakazi wa sehemu ya Soweto Mashariki mnamo Septemba 2009, walipelekwa katika majengo ya muda huko Lang'ata. Majengo ya kudumu, yenye nyumba 822, yalikabidhiwa mwaka 2016. Kwa msichana wa miaka 15, tofauti kati ya chumba cha pazia na nyumba yenye mlango wa ndani si jambo la starehe. Ni tofauti kati ya kuwa na mahali pa kuandika shajara na kutokuwa nalo.

Ndiyo maana neno "nyumbani" linastahili kutazamwa kwa makini. Kisarufi, "nyumba" ni jengo. Ikiongezwa "-ni" inakuwa mahali mtu alipo na watu wake. Lakini Nairobi imeyatenga maneno haya kwa njia yake. Chumba cha kupanga huitwa "keja", neno la Sheng litokanalo na neno la Kiingereza lenye maana ya tundu la ndege. "Nyumbani" au "kwetu" mara nyingi humaanisha shamba la babu huko Siaya, Kakamega au Machakos, ambako vijana hukuita "ushago" au "ocha". Msichana aliyezaliwa Soweto Mashariki na asiyepata kulala ushago zaidi ya mara mbili maishani bado hufundishwa kwamba kwao ni huko. Basi ana makazi mawili ya kimaneno: keja, ambako kila mtu humsikia, na nyumbani, ambako kila mtu humjua babu yake. Katika yote mawili, jina atakalomwita yule ampendaye litasikiwa na watu wengi.

Hapo sarufi ya Kiswahili humpa fadhila ambayo Kiingereza hakina. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu hakibagui mke wala mume. Msichana anaweza kusema mbele ya familia nzima: "Ameniambia atakuja Jumamosi," au "Nilimwona jana stendi ya Kawangware," au hata "Nampenda sana," na hakuna kiambishi chochote katika sentensi hizo kitakachomtoboa. Neno "mpenzi" nalo halina jinsi. Mazungumzo ya simu ya saa nzima huweza kufanyika nyuma ya pazia, mama akisikia kila neno, asijue aliye upande wa pili ni kaka au dada wa nani. Yule anayeandika habari zake kwa Kiingereza hulazimika kukata shauri katika sentensi ya kwanza. Anayeandika kwa Kiswahili anaweza kufika ukurasa wa 10 kabla ya kuamua kama atasema au la. Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuuona ukosefu huu wa jinsi kama usumbufu wa mfasiri. Kwa msemaji huyu ni sitara.

Walakini sitara hiyo ina tundu, nalo liko katika kitenzi kimoja tu. Kitenzi chenyewe ni "-oa". Katika Kiswahili sanifu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wazazi humwoza binti yao, naye binti huozwa. Jamii nzima ya kitenzi hiki imegawa kazi kwa kauli, na nafasi aliyopewa msichana, iwe kuolewa au kuozwa, ni ya kutendwa. Hakuna eneo jingine la sarufi ya kila siku ambamo Kiswahili humdai msemaji ataje jinsi kwa namna hii. Na ajabu ni kwamba hilo ndilo swali ambalo msichana hakosi kuulizwa. Shangazi akija kutoka ushago, baada ya salamu na chai, husema: "Na wewe binti yetu, unaolewa lini?" Jibu lolote litakalotumia kitenzi kilekile katika kauli ileile linakubali kwamba yuko mwanamume wa kumwoa. Jibu "naoa" litachekwa kama kosa la sarufi kabla halijahukumiwa kama kosa la adabu. Imebaki kauli ya kutendana, "tutaoana", ambayo haisemi nani ni nani. Na mtu akisikiliza vizuri atatambua kwamba wengi wenye sababu ya kujihadhari huikimbilia hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba "mwanamke ameoa" ni sentensi isiyopata kutamkwa Afrika Mashariki. Wanandi, Wakuria, Wakikuyu, Wakamba na wengineo wana desturi ya mwanamke, hasa mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, kumlipia mahari mwanamke mwingine ili apate warithi. Msemaji wa Kiswahili akisimulia habari hiyo hana njia ila kusema kwamba mama yule alioa. Miongoni mwa Wakuria wa Tarime desturi hiyo huitwa "nyumba ntobhu", na jina lenyewe linaonyesha kwamba kinachooa hapo ni nyumba yenyewe, yaani ukoo na mali yake. Mtafiti Regine Smith Oboler, aliyeandika juu ya Wanandi mwaka 1980, alionyesha kwamba mwanamke huyo mwenye mke huhesabiwa kuwa mwanamume katika mambo ya urithi, na wala si mahaba yaliyokusudiwa. Hapana budi kusisitiza hivyo, maana siku hizi wako wanaoitumia desturi hii kama ushahidi wa jambo ambalo haikulikusudia. Hata hivyo ni ushahidi wa jambo jingine: kwamba jamii zetu zilipoona haja, ziliweza kumtoa mwanamke katika kauli ya kutendwa na kumweka katika kauli ya kutenda bila lugha kubomoka. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa, mbele ya Jaji Jackton Ojwang, iliitambua ndoa ya aina hiyo ya Kinandi katika shauri la mirathi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa upande wake, hutaja haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti.

Kutoka kitenzi yafaa kwenda kwenye majina, ambako hali ni chungu zaidi. Majina mawili hutawala: "shoga" na "msagaji".

"Shoga" ni neno lenye historia ya kusikitisha. Katika mwambao wa Kenya na Tanzania lilikuwa, na kwa wanawake wengi lingali, jina ambalo mwanamke humwitia mwanamke rafikiye. Shoga ndiye aliyejua siri, aliyekopesha doti ya kanga, aliyesimama nawe siku ya arusi. Urafiki huo uliitwa "ushoga", na kuuvunja lilikuwa jambo zito. Yeyote aliyesoma masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyochapishwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel mwaka 1989 atakumbuka jinsi maisha ya wanawake hao yalivyosukwa na wanawake wenzao: masomo, makungwi, wenzao wa ngoma. Pamoja na maana hiyo ilikuwako maana ya pili, ya mwanamume anayelala na wanaume au anayejifanya kike, nayo kamusi zimeziweka maana hizo mbili pamoja kwa muda mrefu. Deborah Amory, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1998, alieleza jinsi shoga na basha walivyokuwa watu wenye nafasi inayojulikana, ingawa si ya heshima, katika miji ya mwambao.

Jambo lililotokea baadaye ni la vyombo vya habari. Magazeti na redio za bara zilihitaji neno moja la kufasiria habari kutoka Ulaya na Marekani, zikaokota "shoga" kwa upande wa wanaume, na "ushoga" likawa jina la jambo zima, la wanaume na wanawake pamoja. Kwa msomaji wa Nairobi asiyekulia mwambao, maana ya kwanza haikupata kuwako. Katika Kibera, ambako Kiswahili ni lugha ya kukutania watu wa makabila mengi na hakuna nyakanga wa kurithisha msamiati wa wanawake, neno limefika likiwa tayari limekwisha kuchafuliwa. Msichana aliyetoka Lamu akimwita mwenzake "shoga" katika foleni ya maji ya Soweto Mashariki anaweza kuzua kicheko au balaa. Dar es Salaam vijana wa kike wamejitengenezea "shosti", ambalo yaelekea limetokana na neno hilohilo, ili wabaki na urafiki bila kubaki na mashaka. Nairobi imetwaa "beshte". Kwa vyovyote vile, jina mahsusi la urafiki wa wanawake, la pekee katika lugha, limenyang'anywa wenyewe na kugeuzwa shtaka.

"Msagaji" ni tofauti. Neno hili limetokana na "-saga", kitenzi cha jikoni na cha kinu. Picha iliyomo si ya Kiswahili peke yake: Kiarabu nacho huliita jambo hili kwa mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga, na si ajabu ikiwa mwambao uliifasiri picha badala ya kukopa neno. Lakini jambo lipasalo kuangaliwa na mwanaisimu ni kiambishi cha mwisho. "-ji" humtaja mtu kwa mazoea au kwa kazi yake: msomaji, mchezaji, mwindaji, mfugaji. Msagaji basi ni mtu mwenye kutenda tendo fulani kwa desturi. Msichana wa miaka 14 ambaye hakutenda lolote ila kuketi dawati moja na mwenzake na kuhisi moyo ukimwenda mbio, akiitwa msagaji, hupewa kwa kiambishi kimoja historia ambayo hana. Tena hupewa jina la tendo, hali yeye alikuwa akitafuta jina la hisia. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya hisia, kama vile penzi, mahaba, nyonda, huba na ashiki. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana katika kichwa cha habari juu yake.

Sheria nayo imemtazama kwa namna isiyo sawa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ina kifungu cha 162 kinachozungumzia matendo "kinyume cha maumbile", na kifungu cha 165 kinachowataja wanaume peke yao. Mnamo Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvitangua. Zanzibar, iliporekebisha sheria yake mwaka 2004, iliwataja wanawake waziwazi. Kwa hiyo msichana wa Kibera hayumo kwa jina katika kifungu kimoja, na huenda yumo katika kingine. Mjadala huo waachiwe wanasheria. Mtaani neno la jirani humfikia kabla ya kifungu chochote.

Jirani huyo ana historia yake katika fasihi. Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alipata tuzo ya Caine kwa hadithi fupi "Jambula Tree", yenye habari za wasichana wawili, Anyango na Sanyu, wa nyumba za Nakawa mjini Kampala. Anayewafichua ni jirani, Mama Atim, mwenye macho yasiyolala. Mwongozaji Wanuri Kahiu alipoigeuza hadithi hiyo kuwa filamu ya Nairobi, aliwabadili wasichana wakawa Kena na Ziki, baba zao wakawa wapinzani katika uchaguzi wa wadi. Lakini Mama Atim alibaki na jina lake, akapewa kibanda cha chakula ambapo habari zote za mtaa hupikwa. Ni sawa kwamba alibaki. Mtaa wowote wa Kawangware unamjua.

Filamu ilipewa jina la Kiswahili: Rafiki. Kahiu alieleza kwamba alilichagua kwa kuwa watu wenye mapenzi ya namna hii nchini Kenya hulazimika kuwatambulisha wapenzi wao kwa neno hilo. Uchaguzi huo ni wa kitaalamu kuliko unavyoonekana. "Rafiki" ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya mwenzi wa safari, nalo katika upatanisho wa kisarufi limeketi pamoja na majina ya jamaa. Husemwa "rafiki yangu" kama isemwavyo "dada yangu", "mama yangu", "shangazi yangu". Lakini "mpenzi wangu", "mchumba wangu", "mume wangu". (Hata "adui yangu" yumo katika kundi la kwanza, jambo ambalo labda lina hekima yake.) Kiswahili cha mitaani Nairobi huulegeza upatanisho huo, na mtu husikika akisema "mtoto yangu" bila kuona haya; hata hivyo aliyepita shule anaijua tofauti. Anayemwita mpenzi wake "rafiki yangu" humwondoa katika safu ya wachumba na kumketisha katika safu ya jamaa. Anapata ruhusa ya kula naye sahani moja na kulala naye mkeka mmoja, kwa kuwa wasichana marafiki hulala hivyo. Gharama yake ni kwamba siku watakapoachana, hakuna wa kumpa pole. Mtu hafanyiwi maombolezo ya rafiki aliyehamia mtaa mwingine.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya iliipiga filamu hiyo marufuku mnamo Aprili 2018, kwa hoja kwamba ilikusudia kuuendeleza usagaji. Kwa maelezo ya Kahiu, kilichoikera Bodi hasa ni mwisho wa filamu, ambao ulikuwa na matumaini mno. Angeukubali mwisho wa majuto mambo yangekuwa mengine. Mwezi uliofuata Rafiki ilionyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliiondoa marufuku kwa siku 7 ili filamu iweze kushindania tuzo za Oscar. Katika juma hilo ilionyeshwa, pamoja na kwingineko, katika sinema ya Prestige kwenye barabara ya Ngong, ambayo iko hatua chache kutoka soko la Toi na Kibera yenyewe, na watu walijaa. Baada ya siku hizo 7 marufuku ilirudi, na mnamo Aprili 2020 Mahakama Kuu iliithibitisha. Siku 7 ni chache. Lakini kwa msichana wa Makina au Soweto Mashariki, aliyeweza kwenda kwa miguu, zilikuwa siku ambazo neno la insha yake ya utotoni liliandikwa juu ya mlango wa sinema.

Rafiki haikuwa ya kwanza. Mwaka 2014 kikundi cha Nest cha Nairobi, Jim Chuchu akiongoza, kilitoa Stories of Our Lives, filamu fupi tano zilizotokana na masimulizi ya watu halisi yaliyokusanywa Kenya, nayo Bodi iliinyima kibali mnamo Oktoba mwaka huo. Mojawapo ya hizo tano, inayohusu wasichana wa shule wanaotenganishwa na uongozi wa shule yao, ina jina la Kiswahili cha Nairobi: "Itisha Poa". Katika Kiswahili sanifu kuitisha ni kufanya watu waitwe, kama kuitisha mkutano; Nairobi "itisha" ni kuomba au kuagiza, na "poa" ni vizuri, kwa upole. Mwalimu wa sarufi angesahihisha "Omba kwa adabu". Lakini hilo ndilo jina, na ni kielelezo kizuri cha jinsi Sheng, ambayo wengi katika idara za lugha wangali wakiiona kama magugu, imempa msichana huyu uwanja ambao Kiswahili cha vitabu hakikumpa: lugha isiyo na kamusi ya kumshtaki.

Shule ilirudi katika habari kwa njia nyingine. Mnamo Desemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alisema kwamba wanafunzi wapendao wa jinsia yao wasikubaliwe katika shule za bweni. Waende shule za kutwa zilizo karibu na kwao. Januari iliyofuata vijana waliandamana Nairobi kupinga kauli hiyo. Katika zogo lililozuka, wengi walijadili neno "mashoga". Wachache mno waliligusa neno "kwao". Kauli ya waziri ilichukulia kwamba kila mtoto ana kwao kwa kumrudisha, na kwamba huko atatulizwa. Kwa binti aliyepata nafasi ya bweni kutoka chumba cha futi 10 kwa 10, ambaye kitanda chake cha shule ni mahali pa kwanza maishani palipokuwa pake peke yake, kurudishwa nyumbani kwa sababu ambayo mtaa mzima utaijua si kurudishwa nyumbani hata kidogo. Atafika kabla ya mama yake kutoka kazini, na habari itakuwa imefika kabla yake.

Tangu Februari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba shirika la kutetea haki za watu hawa lisinyimwe usajili, redio na magazeti ya Kiswahili yamekuwa yakililazimikia suala hili mara kwa mara. Watangazaji waangalifu husema "wapenzi wa jinsia moja" au "watu wenye mahusiano ya jinsia moja". Maneno hayo ni ya haki kuliko yale ya zamani, na yanastahili kushikiliwa. Yana upungufu mmoja: ni maneno ya nafsi ya tatu. Hayatamkiki kwa urahisi katika nafsi ya kwanza, jikoni, mbele ya mama. Hakuna msichana atakayesema, "Mama, mimi ni mtu mwenye mahusiano ya jinsia moja," kama vile asivyoweza mtu kuomba chumvi kwa lugha ya gazeti rasmi la serikali. Istilahi hutungwa ili watu wazungumziwe. Haja ya msichana huyu ni ya neno la kujizungumzia.

Mfano wa jinsi neno kama hilo huweza kupatikana haukutoka katika kamati ya istilahi yoyote. Mwaka 2002 kilianzishwa Kibera kituo cha wasichana kiitwacho Binti Pamoja. Wasichana walipewa kamera wapige picha za maisha yao wenyewe: kitanda, mtaro, mlango, mikono ya bibi, kisha wakakaa pamoja kuyaeleza waliyoyapiga. Kituo hicho hakikuundwa kwa ajili ya suala linalojadiliwa hapa, bali kwa ajili ya afya na haki za wasichana kwa jumla. Kinachofaa kuigwa ni mpangilio wake. Picha hutangulia, jina hufuata, na mwenye kulitoa jina ni yule aliyeshika kamera. Hata neno "binti" lililochaguliwa lina maana yake. Msichana ni msichana popote alipo, lakini binti sharti awe wa mtu fulani. Kumwita hivyo ni kudai kwamba ana wazazi, na kwamba wazazi hao hawajamkana.

Masimulizi yanayokusanywa leo Nairobi mara nyingi husemwa kwa Kiswahili na Sheng, kisha huchapishwa kwa Kiingereza. Mfasiri huketi na kinasa sauti na daftari. Sentensi ya kwanza ya msimulizi ni "Tulijuana kwa ploti yetu, alikuwa amehamia na mamake," na mfasiri hawezi kuiandika mpaka aamue aliyehamia ni mke au mume. Hana budi kumrudia msimulizi na kumwuliza. Swali hilo, ambalo katika kazi ya tafsiri huhesabiwa kuwa dogo, ndilo ambalo mama yake hakupata kumwuliza, nalo huulizwa na mgeni, katikati ya kazi, ili kiwakilishi kikamilike. Wafasiri wenye uzoefu huzima kinasa sauti kwanza.